Vitamini Zilizokaribia Tarehe

Nafula wangu,

Sanduku lako liko mlangoni na mimi niko mezani. Mchana uliliinua kwa mkono mmoja, ukafumba macho kidogo, ukasema, "Hii ni kilo ishirini na mbili, Mum." Baba yako hakukuamini. Akaenda kuazima mizani kwa jirani, na mizani ikasema ishirini na mbili. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, huku nikiutazama huo mkono na kukumbuka kwamba nusura niuharibu mwenyewe.

Sasa hivi umejilaza chumbani, na jua bado halijazama juu ya mabati ya mtaa wetu wa Satellite. Kesho wakati kama huu utakuwa angani. Sitakuandikia mambo ya pasipoti, wala chaja, wala namba ya yule dada wa kanisani aliye huko Doha. Hayo Baba yako ameyarudia mpaka umeanza kuyaimba. Majirani wananiuliza kama naogopa waajiri. Naogopa, ndiyo. Ni mzazi gani wa Nairobi haogopi mtoto wake akitajiwa nchi za huko? Lakini mkataba wako tumeusoma, hoteli utakayofanyia kazi tumeiulizia, na kazi ni ya kufundisha wanawake kunyanyua vyuma, kazi unayoipenda kuliko unavyotupenda sisi. Kinachonitetemesha ni kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja.

Naogopa chupa za vitamini. Cheka, najua utacheka. Ukimaliza, rudi hapa usome, maana mimi sicheki.

Iko moja hapa mezani mbele yangu. Ni mpya, tarehe yake iko mbali, nimeinunua kwa pesa zangu. Juzi niliificha ndani ya viatu vyako vya jimu. Jana nikaitoa. Leo asubuhi ulipokuwa ukioga nikairudisha, na ulipotoka kwenda kuwaaga watu wa jimu kule Jamhuri nikaitoa tena. Mtu mzima na akili zangu, nacheza kibe na chupa. Ndipo nikaona nikae niandike, labda kalamu itanisaidia kuamua.

Kazi yangu unaijua, lakini sijui kama unajua ilinifanya mtu wa namna gani. Miaka yote hii nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa pale mjini. Mimi si mfamasia. Mimi ni wa kupanga rafu na kuuza vile visivyohitaji karatasi ya daktari. Lakini ukisimama nyuma ya kaunta kwa muda mrefu, na koti jeupe juu, watu wanaanza kukuita daktari. Mwanzoni nilikuwa nakataa. Baadaye nikachoka kukataa, halafu nikaanza kupenda. Hapa mtaani nikawa daktari. Kwa Baba yako nikawa nusu daktari. Wewe ukiwa darasa la pili ulimwambia mwalimu kwamba mama yako ndiye anayetengeneza dawa zote za Nairobi. Nilikukemea mbele yake, lakini wiki hiyo nilitembea nimeinua shingo.

Halafu kulikuwa na ule utaratibu wetu wa mwisho wa mwezi. Tulipitia rafu tukisoma tarehe chini ya kila chupa. Dawa za ugonjwa zilizokaribia kuisha muda zilirudishwa zinakorudishwa. Lakini vitamini, mafuta ya samaki, ule unga wa kuchanganya na maziwa, hivyo mwenye duka alitugawia. "Chukueni mpelekee watoto," alikuwa anasema. "Bado ziko sawa. Zikae hapa zigeuke takataka?" Na kweli zilikuwa sawa. Hakuna hata moja tuliyokula ikiwa imepita tarehe. Hilo nililishikilia sana, nikadhani ndilo jambo pekee la kuangaliwa.

Ndiyo maana kabati letu la vyombo lilikuwa na rafu moja ya sahani na rafu moja ya chupa. Watoto wengine walikunywa uji asubuhi, wewe ulikunywa uji na tembe. Kukhu, kama ninavyokuita kwa sababu una jina la nyanya yako, mimi nimezaliwa katika nyumba ambayo mtu akiugua alifunikwa blanketi tukakaa kumngojea. Hakukuwa na kingine cha kufanya. Nilipopata mtoto na kabati la namna hiyo, nililewa. Nikitoka sokoni na mboga sikujiona nimefanya kitu. Nikitoka kazini na chupa mbili kwenye mkoba, nilijiona mama kamili.

Ulipomaliza Form Four ukaanza kwenda jimu ya Kocha Ouma kule Jamhuri. Nilidhani ni mambo ya kupunguza tumbo, nikakufungia maji ya kunywa na taulo. Kumbe. Jioni moja uliingia jikoni ukiwa na jasho na kicheko, ukaniambia, "Leo nimekubeba, Mum."

"Umenibeba wapi?"

"Kwa benchi. Kilo zako zote."

Nani alikuambia kilo zangu, hayo tuliyagombania siku nyingine. Lakini nilijivuna, mwanangu. Watu wa kanisa waliuliza kama msichana wa kunyanyua vyuma ataolewa, nikawajibu kwamba atakayemwoa asiwe mtu wa kubebwa kwa urahisi. Nikaamua kwamba kwa kuwa mimi sijui kushika vyuma, mchango wangu utatoka kabatini.

Hapo sasa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu kesho kutwa utakuwa umesimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi. Dukani walikuwa wanakuja vijana wa jimu, wale wa vesti hata kukiwa na baridi ya Julai. Mmoja alikuwa anakuja kila mara akiegemea kaunta.

"Madam, kuna multi ya watu wa jimu?"

"Iko."

"Ile ya nguvu. Si unajua tukibeba vyuma mwili unakula vitu mob, vitu vingi? Lazima upige double."

Nilimpa ile yenye picha ya mwanamume mwenye kifua. Sikumwuliza anakula nini nyumbani, wala kama analala, wala kama kuna nyingine anameza. Na aliyefuata akiniuliza, "Madam, hii mtu anameza ngapi?" nilimwambia watu wa vyuma wanameza mara mbili. Nilikuwa nimetoa wapi? Kwa yule wa kwanza. Neno lilitoka mdomoni mwa mteja, likapita kwangu likavaa koti jeupe, likarudi kwa wateja. Baada ya muda nikawa nalisikia kila upande, na kwa kuwa nalisikia kila upande nikajua ni kweli. Nikalileta nyumbani.

Ulikuwa unameza mbili za multivitamini asubuhi. Halafu mwaka ule rafu ilijaa, sijui waliagiza kupita kiasi, na mwisho wa mwezi nikaja na mfuko mzima. Aina mbili za multivitamini, mafuta ya samaki, na ule unga wenye vitamini zake ndani. Zote tarehe zilikuwa zimebanana. Mtu mwingine angemaliza moja aanze nyingine. Mimi nikapiga hesabu ya mtu wa duka la dawa: nikingoja moja iishe, nyingine itapita muda, na kumwaga kitu kizuri hivyo ni dhambi. Kwa hiyo ukazila zote pamoja. Nilikuwa nakimbizana na tarehe, na njia niliyokuwa nakimbilia ni mwili wako. Juu ya hayo, kila Jumamosi nilikupikia maini, kwa sababu nilisikia maini ni ya watu wa nguvu.

Kisha midomo yako ikaanza kupasuka. Nikasema ni upepo wa vilima vya Ngong. Ngozi ya mikono ikawa inabanduka. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, na nywele zako zilikuwa ndizo nilizojisifia kwa mashangazi. Nilikaa nikafikiri kama daktari niliyekuwa nimejivika, nikaona jibu wazi kabisa: mtoto amepungukiwa na vitamini. Vyuma vinamkausha. Nikakuongezea.

Hapa niliweka kalamu chini, nikaichukua tena.

Siku Kocha Ouma alipopiga simu nilikuwa napanga dawa za kikohozi. "Mama Nafula, usishtuke, lakini..." Mtu akikuambia usishtuke, umeshashtuka. Akasema ulikuwa umelala kwenye benchi, chuma kiko juu yako, ukasema, "Coach, naona mbili mbili," na mikono ikalegea. Kwa vile alikuwa amesimama nyuma ya kichwa chako anavyosimama siku zote, alikidaka kabla hakijafika shingoni. Kabla hakijafika. Nimeishi na maneno hayo mpaka leo. Sufuria ikianguka jikoni kwa jirani, mwili wangu wote unasisimka, na Baba yako hunishika bega bila kuuliza.

Unamkumbuka yule daktari, msichana mdogo ambaye angeweza kuwa dada yako. Alikuangalia ndani ya macho kwa muda mrefu, akaniuliza unatumia dawa gani. Nikamjibu kwa fahari, Mungu anisamehe. "Hatumii dawa, daktari. Ni vitamini tu."

"Gani?"

Nikaanza kutaja. Alikuwa anaandika, halafu akaacha kuandika. "Mama, naomba mzilete hapa. Zote."

Baba yako alizileta kwenye kiondo cha sokoni, zikigongana kutoka mlangoni mpaka mezani. Daktari alizipanga, akazigeuza nyuma moja moja, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ambayo mimi, mtu wa kusoma chini ya chupa, sikuwa nimewahi kuyasoma. "Hii ina vitamini A. Hii pia. Haya mafuta yamejaa A. Na huu unga." Akainua macho. "Maini mnakula?"

Ni wewe uliyejibu. "Kila Saturday."

"Huyu hajapungukiwa," akasema, na hakusema kwa ukali, alisema kwa sauti ya chini. "Huyu amezidishiwa." Vipimo vilipokuja vikasema hivyo hivyo.

Akanieleza polepole. Vitamini nyingine zikizidi hutoka na mkojo, ile rangi ya manjano uliyokuwa ukijisifia kwamba dawa inafanya kazi, kumbe mwili unamwaga kisichohitajika. A haitoki namna hiyo. Inajiweka kwenye ini na kurundikana, na ikizidi inapasua midomo, inabandua ngozi, inang'oa nywele, inaweza kuleta msukumo ndani ya kichwa mpaka macho yanaona mbili mbili. Niliisikiliza ile orodha nikiwa nimeshika ukingo wa kiti. Kila nilichokuwa natibu, mimi ndiye niliyekileta.

Lakini si hapo nilipovunjika. Nilivunjika kwenye korido ya hospitali. Ulikuwa umemwambia daktari kwamba kichwa kilikuwa kinakuuma miezi mingi, nami kwa ile hofu nikakugeukia kana kwamba kosa ni lako. "Mbona hukuniambia?"

Uliniangalia bila hasira. Afadhali ungekasirika. "Nilikuambia, Mum. Mara ya kwanza nilikuambia, ukaniongezea ingine. Ya pili pia. So nikaacha."

So nikaacha. Nafula, umeshasahau kwamba ulisema hivyo, nina hakika. Wewe ulipona. Macho yakatulia, nywele zikaota, ukazikata fupi na sasa hutaki kuzirefusha tena, na miezi ile ya kukaa nje ya jimu ukaimaliza kwa kumsumbua Baba yako. Ulirudi ukaninyanyua mimi na vitu vingine juu yangu. Lakini mimi nilibaki kwenye korido. Nilikuwa nimekuzoeza, bila fimbo na bila neno baya, kwamba ukilia kwa mama unaongezewa kidonge. Kwa hiyo ukajifunza kusema, "Niko sawa." Tangu siku ile hadi jana hukuwahi kuniambia unaumwa. Hata mafua. Nakusikia ukikohoa chumbani, nikibisha unajibu, "Niko poa, Mum." Na mimi narudi kulala nikiwa macho.

Hiyo ndiyo hofu yangu, kama ulikuwa bado hujaiona. Chupa zenyewe nimezitanguliza tu. Hapa nyumbani naweza kusikia kikohozi ukutani. Ukiwa Doha nitasikia nini? Utanipigia video ukiwa umepaka mafuta ya midomo na umetabasamu, useme uko sawa, na mimi nitakuwa na picha ya benchi na chuma, na sitajua kama kuna mtu nyuma ya kichwa chako.

Utaniuliza basi, baada ya yote hayo, multivitamini ina maana au haina. Najua utauliza kwa sababu wanawake wa huko watakuuliza wewe. Watakuegemea kama yule kijana alivyoegemea kaunta. Nitakuambia ninavyojua sasa, na nimeuliza watu wanaojua, safari hii hawakuwa wateja. Mtu anayekula vizuri, mayai yake, maharagwe, samaki, mboga za majani, matunda, akalala, tembe haimwongezei kilo hata moja kwenye chuma. Haijengi msuli. Inaziba pengo, na kama pengo halipo inakuwa mkojo wa bei ghali, au mbaya zaidi, ile isiyotoka na mkojo. Lakini pengo lipo kwa watu wengine. Kuna msichana anayejinyima chakula aingie kundi la uzito wa chini. Kuna anayepoteza damu nyingi kila mwezi mpaka anachoka akipanda ngazi mbili. Kuna anayeishi ndani ya nyumba ya baridi ya mashine na haoni jua, na nasikia huko jua ni kali hivi kwamba watu wanalikimbia mwaka mzima. Hao wapimwe. Wakiambiwa wamepungukiwa na kitu fulani, wameze kitu hicho, kiasi hicho, na wageuze chupa nyuma wasome. Si aibu. Sizichukii tembe, bado naziuza. Ila sasa mtu akija na vesti yake namwuliza kwanza, "Umekula nini leo?" Wengine wananiona mzee mwenye kiherehere. Mmoja aliniambia, "Madam, nimekuja chemist, sijakuja hoteli." Akaenda duka la jirani. Nimepoteza wateja kadhaa na nalala vizuri zaidi, usiku ule ambao sikusikii ukikohoa.

Na wewe mwenyewe. Nimekuona ukikaribia mashindano unavyosogeza sahani. Unaukwepa ugali, unaacha mboga za mrenda, unakunywa kahawa kavu, halafu unasema utafidia baadaye. Yale mazoea ya kufidia nani alikufundisha? Nilikuwa nakuambia mimi, asubuhi ukichelewa, "Acha uji, meza tu hii uende." Mara ngapi nimesema hivyo! Nilikufanya uamini kuna kidonge kinachoweza kukaa mahali pa sahani. Hakipo. Huko hakutakuwa na mtu wa kukufunulia sufuria, na maduka ya chupa, wanasema, yana ukuta mzima, kila chupa na kifua chake. Naogopa jioni ya kuchoka, peke yako, mbali, mvivu wa kupika, na ukuta huo unakuangalia.

Siwezi kukulinda na ukuta. Nilitaka kukupa sheria nikaandika tatu nikazifuta, kwa sababu nimekumbuka uliacha kuniambia si kwa kukosa sheria. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu, nami nitakulipa kwa kingine. Ukiumwa, sema. Useme kwangu hata kama ni kidogo, hata kama ni ukucha. Na mimi, nikisikia, sitataja kitu cha kumeza. Nitanyamaza kwanza. Kisha nitakuuliza kimeanza lini, na umekula nini, na nani yuko nyuma ya kichwa chako. Kama ni cha daktari tutakubaliana ni cha daktari. Najua unawaza mama hawezi kunyamaza. Ngoja nikuambie kilichotokea leo, maana wewe umeona upande wako tu.

Kabla sijakaa hapa mezani, ulirudi kutoka Jamhuri ukapita moja kwa moja chumbani. Halafu uliniita. "Mum, kichwa kinaniuma."

Mara ya kwanza tangu korido. Nafula, huwezi kujua. Miguu yangu ilienda kabatini yenyewe, sikuituma. Nikaufungua mlango, mkono ukapanda kwenye ile rafu, na pale kwenye chupa sasa kuna glasi za wageni. Nilisimama nimeshika glasi, picha ya benchi ikiwa mbele yangu, na hii chupa mpya ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, nilikuwa naisikia ikicheza. Nikairudisha glasi. Nikaja nikakaa kitandani kwako bila kusema neno, na ulinitazama kama mtu anayengoja kuongezewa.

Nilipoweza, nikauliza, "Kimeanza lini?"

Ulivuta pumzi. "Kwa coach. Nimelia kwa bafu ya jimu, Mum. Nimelia sana. Sikutaka Baba aone macho."

Basi. Ilikuwa kilio tu. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso wako, mahali nilipokuwa nakiweka ulipokuwa wa kubebwa mgongoni, na hukukisogeza. Ukalala. Nimekusikiliza ukipumua mpaka nikahakikisha, ndipo nikaja kuandika.

Sasa nimeamua. Chupa haitaingia kwenye sanduku. Nimefunga omena wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na unga wa wimbi, na vile viungo vya maharagwe, utafute nafasi, wewe unayejua kilo kwa mkono. Chupa itabaki hapa. Ukifika huko ukapimwa ukaambiwa unaihitaji, niambie, nitakuwa wa kwanza kusema nunua.

Baba yako anaita kutoka nje, anasema mizani ya jirani bado iko hapa, anataka kupima sanduku tena. Nimwache. Na mimi pia inabidi nianze kusema, si ndiyo, kabla ya kukudai wewe? Kwa hiyo nakuambia, ili uwe wa kwanza kujua: kichwa kinaniuma, Kukhu. Kimeanza ulipolala. Chupa iko hapa mbele yangu na sijaifungua.

Mama yako